Anayetoka Kikundini Hakuiba Kitu

Mwanamuziki wa visiwani akiacha kikundi na kuanza kutangazwa kwa jina lake, hukumu hutangulia wimbo. Husemwa kawakimbia waliomlea, husemwa kaiga vijana wa bongo fleva, na husemwa kwamba vikundi vya Wete, Chake Chake na Mkoani vinadhoofika kwa sababu ya watu wa namna yake. Methali mbili hazikosi: mwacha asili ni mtumwa, na kidole kimoja hakivunji chawa. Hoja hii si ya kipuuzi, na wengi wanaoitoa ni watu walioubeba muziki wa Pemba miaka ambayo hapakuwa na wa kuwashukuru. Ukiipanga vizuri inasema mambo matatu: kwamba sanaa yetu ni ya wengi, kwamba anayejitenga amevunja asili hiyo, na kwamba anachoondoka nacho ni mali ya kikundi. Nayapinga yote matatu. Sanaa ya Pemba tangu zamani imesimama juu ya sauti ya mtu anayejulikana kwa jina. Kujitenga ni mojawapo ya njia ambazo sanaa hiyo imezaliana. Na anachoondoka nacho mwanamuziki, mara nyingi, ndicho kitu pekee ambacho kikundi hakijawahi kukimiliki.

Tuanze na Pemba yenyewe, maana neno asili hutajwa kwanza kwa ajili yake. Chukua kibati. Ngoma zipo, wachezaji wapo, waitikiaji wapo, lakini kinachokifanya kibati kiwe kibati ni mtu anayebuni maneno papo hapo, mbiombio, akijibizana na mwenzake huku wengine wakidakia kiitikio. Muondoe huyo, na uwanjani utabakiwa na ngoma isiyo na la kusema. Kundi linambeba, hilo halina ubishi, lakini lazima awepo wa kubebwa. Halafu njoo kwenye utungo, ambao taarabu haisimami bila yake. Kisiwa hiki kilimtoa Kamange, aliyefariki mwaka 1910, na Sarahani bin Matwar, aliyefariki mwaka 1926, na washairi wa zama zao walijibizana kwa tungo zenye wenyewe. Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy walipozikusanya tungo hizo katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa mwaka 2011, hawakutuletea ushairi wa Wapemba kwa jumla, usio na baba wala mama. Walituletea Kamange na Sarahani, na majina hayo mawili yamo katika jina la kitabu. Kama kuna asili ya kuilinda hapa, basi mojawapo ya nguzo zake ni kwamba neno lina mwenyewe, na mwenyewe hutajwa.

Taarabu nayo imesimuliwa mno kama historia ya vilabu, hata tumesahau kwamba kila klabu ilianza na mtu. Simulizi yetu ya chanzo chake inamtaja mtu mmoja, Mohamed bin Ibrahim, aliyepelekwa Misri na Sultani Barghash akajifunze ganuni, kisha akarudi na kuwafundisha wengine. Nadi Ikhwani Safaa ilikuja baadaye, mwaka 1905, ikiwa klabu ya wanaume wapenzi wa muziki. Na aliyeitoa taarabu katika kumbi za wakubwa na katika lugha ya Kiarabu, akaifikisha kwa watu wa mtaa wa Ng'ambo kwa Kiswahili, alikuwa mwanamke wa Fumba aliyeingia mjini mwaka 1911 na ambaye hakuwa mwanachama wa klabu hiyo. Siti binti Saad alifundishwa na Ali Muhsin, mtu wa Ikhwani Safaa. Akapata wenzake: Maalim Shaaban, Buda Swedi, Mbaruku na Subeiti. Walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri walikwenda pamoja, wakarekodi pamoja, na hesabu inayotajwa sana ni kwamba hadi mwaka 1931 sahani zipatazo 72,000 zilikwisha kuuzwa. Lakini jina lililoenea pwani nzima lilikuwa lake. Hatujawahi kusikia mtu mzima akisema kwamba Siti aliwaibia Buda na Maalim Shaaban, wala kwamba aliua Ikhwani Safaa kwa kutumia mafunzo ya mwalimu wao nje ya klabu. Tunamwita mama wa taarabu. Msichana wa Chake Chake akifanya jambo lilelile leo, tunamwita msaliti. Anayetaka kushikilia hukumu hii ya pili inabidi atueleze tofauti iko wapi, na asituambie kwamba Siti alikuwa na kipaji cha pekee, kwa sababu kipaji hakijulikani mpaka mtu aachiwe kusikika.

Mfano huo unajibu pia hoja ya deni, ambayo kwa maoni yangu ni nzito kuliko ile ya asili. Wanasema: kikundi kilimpokea hajui kushika udi, kikampa ala, kikampa mwalimu, kikampa jukwaa, leo anajua, anakwenda zake. Ni kweli alipewa. Lakini deni lina kiasi na lina mwisho, na deni lisilo na mwisho lina jina jingine ambalo visiwa hivi vinalijua vizuri mno. Mwanafunzi wa kikundi hulipa tangu siku anapoanza kufaa: hulipa kwa mazoezi ya usiku yasiyo na posho, kwa harusi anazopiga hadi alfajiri na kupewa nauli, kwa safari za kikundi anazoacha kazi yake ili aende. Hakuna anayeziandika saa hizo. Na ikiwa mafunzo ya muziki ni deni la maisha, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kile kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kingekuwa kinawamiliki wanamuziki wote waliopita madarasani mwake. Hakiwamiliki, na hakuna anayedhani kingepaswa kuwamiliki. Siti Amina alitoka chuoni hapo akiwa mwimbaji na mpiga udi. Mwaka 2015 yeye na wenzake wakaanzisha Siti and the Band, mwaka 2018 wakatoa albamu yao ya Fusing the Roots, na leo anajulikana kwa jina lake mwenyewe. Chuo hakikupungukiwa kitu kwa hilo. Kama kuna kilichoongezeka ni idadi ya wasichana wanaojua kwamba udi unashikika.

Vikundi vyenyewe vimezaliwa vipi? Kwa watu kutoka. Culture Musical Club ilianza mwaka 1958 kama kikundi cha vijana wa Afro-Shirazi, na miongo kadhaa baadaye mpiga ganuni wake, Rajab Suleiman, akaunda kikundi cha Kithara na kutoa albamu ya Chungu katika mfululizo wa albamu za Zanzibara. Culture haikufa. Khadija Kopa alitoka humo humo akaenda bara kuimba na Tanzania One Theatre, na kwa kutoka kwake taarabu ikapata sura iliyopendwa na mamilioni ambao hawajawahi kupanda boti kuja Unguja. Binti yake, Zuchu, aliingia mwaka 2020 kwa jina lake mwenyewe chini ya lebo ya Wasafi. Mzee Yusuf alipita vikundi kadhaa kabla ya kuanzisha kikundi cha Jahazi mwaka 2006, na Isha Mashauzi akatoka Jahazi akaanzisha Mashauzi Classic. Nje ya taarabu mambo ni yale yale: Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 aliunda Super Volcano, na sehemu ya nyimbo zake zinazopigwa hadi leo ni za kipindi hicho. Ukichora mti wa muziki wa Afrika Mashariki utakuta karibu kila tawi limeota pale mtu alipokosana na wenzake, au alipochoka, au alipotaka kupiga kitu ambacho kamati ya kikundi ilikikataa. Ningependa kujua ni lini hasa kutoka kulikokuwa ufundi kuligeuka kuwa dhambi. Nashuku jibu ni hili: aliyetoka akaanzisha kikundi kingine husamehewa kwa sababu naye sasa ana wanachama wa kuwaamuru, anayetoka akabaki na jina lake tu hana cheo tunachokitambua.

Sasa mali. Kikundi kinadai kwamba anaondoka na nyimbo "zetu". Katika kikundi cha kawaida cha taarabu utungo umeandikwa na mshairi, ambaye mara nyingi si mwanachama. Haji Gora Haji wa Tumbatu alitunga nyimbo zilizoimbwa na wengine akabaki mshairi. Muziki umetiwa na mtu wa pili, mpiga udi au mpiga fidla anayejulikana. Mwimbaji ni wa tatu. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inaanza na mtunzi, yaani mtu aliyeumba kazi, na kuna ofisi ya kusajili kazi hizo na kugawa mirabaha. Kikundi kinaweza kabisa kumiliki wimbo, lakini mpaka wenyewe wakipe, kwa maandishi. Hilo halifanyiki. Kinachofanyika ni kwamba wimbo huitwa wa kikundi kwa mazoea, kila mtu anaridhika maadamu wote wapo, na ugomvi unaanza siku mwimbaji anapoondoka. Hapo ndipo kikundi kinapogundua kwamba kilichokuwa kikivuta watu ni koo la mtu, na koo halisajiliki. Angalia tuzo za harusini. Mama anainuka, anacheza taratibu hadi jukwaani, anampa mwimbaji noti mkononi, huku macho yake yakimtafuta yule aliyekusudiwa na mafumbo ya wimbo. Anamtunza nani? Anayemtunza ni yule aliyemsemea la moyoni. Desturi ya vilabu vingi ni kwamba noti hiyo iende kwenye mfuko wa kikundi, na mimi siilaumu desturi hiyo, ina haki yake kwa mpiga rika ambaye hakuna anayemtunza. Ila isitumike baadaye kuthibitisha kwamba mwimbaji hakuwa na chake.

Nafika kwenye pingamizi ambalo siwezi kulipuuza. Mwimbaji mmoja mwenye flashi ya midundo anafanya harusi nzima akiwa na spika mbili na kijana wa kubonyeza. Hapo zamani harusi hiyo ingelisha mpiga ganuni, mpiga udi, wapiga fidla wanne, akodioni, nai, besi, dumbaki, rika na safu ya waitikiaji. Anayesema usolo unawanyima watu riziki anaonyesha kidole kitu ambacho kipo. Lakini anaangalia mwisho wa mnyororo. Aliyewaondoa wapiga fidla jukwaani hakuwa msanii wa peke yake. Ni vikundi. Katika miaka ya 1990 East African Melody na wenzao walileta taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, kwa vinanda vya umeme vilivyopiga sauti za fidla, za akodioni na za ngoma kwa pamoja. Bango lilisema kikundi, wanachama walikuwa kikundi, kiongozi alikuwepo, katibu alikuwepo, na ala za watu wengi zilikwishabanwa ndani ya kinanda kimoja. Hatukupiga kelele kwamba asili imekufa, tulicheza. Kwa hiyo kama tatizo ni kupungua kwa wapigaji, tuseme hivyo, na tumshitaki kila anayewapunguza, awe kikundi au mtu mmoja. Msanii wa peke yake anayeajiri wapigaji wanne kwa malipo yaliyopatanwa anastahili heshima kuliko kikundi cha watu kumi na wawili wanaosindikiza kinanda kwa nauli. Na anayeimba juu ya flashi maisha yake yote nitamlaumu pamoja na nyinyi, kwa uvivu wake wa muziki. Lakini kesi ya usaliti mfutieni.

Liko pingamizi jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini, na Pemba husemwa zaidi kuliko Unguja. Mwanamke ndani ya kikundi ana kivuli. Wazee wapo, wake za wapigaji wapo, ratiba inajulikana, na jamaa zake wanaweza kusema "yuko na kikundi" na mazungumzo yakaisha. Akitoka peke yake kila safari inahitaji maelezo. Sitasema kwamba hofu hiyo ni ushamba. Jamii inayojali heshima ya watu wake haikosei kwa kujali. Ninachouliza ni bei ya kivuli hicho. Unguja kulikuwa na vikundi vya wanawake vyenye viongozi wanawake, na humo mwanamke alipata ulinzi na sauti kwa pamoja. Mahali ambapo kikundi ni cha wanaume kwa uongozi na cha wanawake kwa kuimba, ulinzi unakuja na kunyamaza: haulizi harusi ile ililipa kiasi gani, hachagui wimbo, hakatai safari. Siti binti Saad alikejeliwa kwa wimbo uliotungwa mahsusi kumdharau kwa asili yake ya kimaskini, naye akajibu kwa wimbo. Kilichomlinda hakikuwa uanachama. Kilikuwa wanaume wanne walioketi nyuma yake kila usiku wakipiga kama wenzake. Mwimbaji wa leo anaweza kujijengea duara kama hilo, wapigaji wanaojulikana kwao na kwake, bila kuwa mali ya duara hilo.

Tena kuna hesabu ya Pemba ambayo watu wa Mji Mkongwe hawaioni kwa sababu hawailipii. Kisiwa kina watu zaidi ya nusu milioni, lakini chuo cha muziki kiko Unguja, Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, liko Unguja, na hoteli zinazolipa wapigaji kila wiki nyingi ziko Unguja. Fedha ya harusi Pemba hufuata karafuu; msimu ukiwa mbaya, kumbi zinatulia. Kikundi cha watu ishirini kinachotaka kuonekana lazima kinunue tiketi ishirini za boti Mkoani, kipate malazi ya ishirini, kibebe ala, kirudi. Mwaliko wa kulipia hayo yote haupatikani mara kwa mara hata kwa vikundi vyenye sifa. Mtu mmoja mwenye udi ananunua tiketi moja, anawakuta wapigaji wa Unguja wanaoijua kazi, wanafanya mazoezi siku mbili, anapanda jukwaani, na kinachotajwa jukwaani ni Pemba. Kwa mji mkubwa usolo unaweza kuwa anasa au majivuno. Kwa kisiwa kilichokaa pembeni ya soko, mara nyingi ndiyo njia pekee ambayo muziki wake unaweza kumudu nauli. Wanaomtaka abaki mpaka kikundi kizima kipate mwaliko wanamtaka angoje boti ambayo haijapangiwa safari.

Sidai kwamba kutoka kunaponya kila kitu. Bi Kidude aliimba na vikundi vingi bila kumezwa na kimoja, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, uso wake ukajulikana duniani kote, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 hakuna aliyeweza kusema kwamba utajiri wake ulilingana na jina lake. Jina bila karatasi huwalisha wengine. Anayedhani kwamba akishaacha kikundi ameacha unyonyaji atakutana nao kwa mwenye studio, kwa mwenye tamasha, kwa jamaa aliyejitolea kuwa meneja. Lakini angalia kwamba ugonjwa ni ule ule uliokuwa kikundini: kazi isiyoandikwa ni ya nani, malipo yasiyosemwa ni kiasi gani, safari isiyo na mkataba. Ndiyo maana naona ugomvi wetu wa kikundi na mtu binafsi unatupotezea muda. Viongozi wa vikundi vya Pemba wanaolalamika kuhamwa wana dawa mikononi mwao, nayo haihitaji mfadhili wala waziri: wakae na daftari, waandike kila wimbo, mshairi ni nani, aliyetia muziki ni nani, aliyeuimba kwanza ni nani, na kila mmoja anastahili nini wimbo ukipigwa redioni au akiupiga akiwa kwingine. Kisha wasajili. Kikundi chenye daftari hilo kinaweza kumuaga mwimbaji wake Jumatatu na kumkodi harusini Ijumaa, kwa bei inayojulikana, bila mtu kununa. Kisichokuwa nalo kitaendelea kugombana naye juu ya wimbo ambao mtunzi wake huenda yuko Micheweni, mzima wa afya, na hakuna upande wowote uliomuuliza.